Kabla Kikundi Hakijanunua Tableti

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanafunzi wa ualimu katika mkutano wa pamoja wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, pamoja na maswali machache aliyoulizwa.)

 

Nimeitwa niseme juu ya teknolojia darasani, kwa sababu vikundi vyenu vinataka kuunganisha pesa viwanunulie watoto tableti za shule. Mimi sijawa mwalimu bado. Nasomea ualimu wa shule ya msingi, nimebakiza muhula mmoja, na mazoezi ya kufundisha nimeyafanya katika shule mbili, moja huku Likoni na nyingine Kisauni. Mungu akinijalia, mwaka ujao nitakuwa nimesimama mbele ya watoto, pengine wa kwenu. Kwa hiyo nami nina haja yangu katika jambo hili. Mtakachonunua nyinyi ndicho nitakachotumia mimi.

Sitaki mseme huyu binti anapinga maendeleo. Mashine nazipenda, na baadaye nitawaeleza somo moja ambalo singeliweza bila simu. Lakini nawaomba msianze na tableti. Sababu ninazo.

Mnakumbuka mwaka 2013, wakati wa kampeni, tuliahidiwa kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu. Zabuni ikaleta mabishano, ikafutwa mwaka 2014. Mpango ukageuzwa, ikawa ni tableti, na kuanzia mwaka 2016 zikaanza kufika shuleni. Kazi ya kuziunganisha walipewa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wakishirikiana na kampuni za nje. Zikatolewa zaidi ya milioni moja, kwa shule za msingi za serikali zaidi ya 20,000. Pamoja na tableti za watoto, shule zilipewa vifaa vya walimu na projekta. Shule nyingi zilivutiwa stima kwa ajili ya mpango huo, na hilo ni jema, tusilidharau.

Sasa hesabuni pamoja nami. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2016 alifanya KCPE mwaka 2023, ile KCPE ya mwisho kabisa. Shule ya msingi ameshaipa kisogo. Je, ile tableti aliishika mara ngapi? Mkirudi nyumbani waulizeni hao vijana wenu wakubwa. Wengine watawaambia kila wiki. Wengine watawaambia waliiona siku ile wageni walipokuja.

Katika shule moja niliyofanyia mazoezi, jina lake naliweka, tableti zilikuwa stoo. Stoo yenyewe ina grili mbili na kufuli tatu. Funguo anazo mtu mmoja, naye siku hiyo kaenda mkutanoni. Nilipofunguliwa, wiki ya pili, nikakuta nyingi hazishiki chaji tena, maana betri ikikaa miaka bila kutumiwa inakufa. Msimlaumu mwalimu mkuu haraka. Yeye alizitilia sahihi. Zikiibiwa ataulizwa yeye, na zikifa taratibu ndani ya stoo haulizwi na mtu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Jambo jingine ni dakika. Somo la gredi ya 3 ni dakika 30. Tuseme darasa lina watoto 60 na kikundi kimenunua tableti 15. Watoto wanne kwa moja. Kuzitoa, kuzigawa, kuziwasha na kumsaidia yule ambaye yake imekataa, dakika kumi zimekwenda. Kuzikusanya na kuzihesabu, maana huwezi kumwachilia hata mmoja atoke kabla hesabu haijatimia, dakika tano. Zimebaki 15. Katika hizo 15 mtoto mmoja anagusa kioo, watatu wanachungulia. Mwalimu naye amekuwa kama karani wa stoo.

Wala haya si maneno yangu peke yangu. Kule Kisumu ulifanywa utafiti kuhusu watoto wadogo wanaojifunza kusoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Shule ziligawanywa. Kwa baadhi, watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki. Kwa nyingine, walimu walipewa tableti. Kwa nyingine tena, waliopewa ni wale maafisa wanaozunguka shuleni kuwaongoza walimu. Watoto wa pande zote tatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule ambazo hazikuwa katika mpango. Lakini pande hizo tatu zenyewe hazikupishana kwa lolote la maana. Tofauti kubwa ilikuwa katika bei, kwani kumpa kila mtoto mashine yake ndiko kulikogharimu zaidi. Ndiyo maana mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, uliwapa watoto vitabu, kila mmoja chake, na tableti wakapewa maafisa wa kuwatembelea walimu. Wale wenye pesa nyingi kuliko sisi walipima, wakaona hivyo. Na sisi wenye pesa za merry-go-round tupime.

Wazee wangu hapa watakumbuka vipindi vya redio vya shule, tangu enzi za Sauti ya Kenya. Katika miaka ya mapema ya 1980 palikuwa na mradi hapa nchini wa kufundisha Kiingereza kwa redio, darasa la kwanza hadi la tatu, nusu saa kila siku. Redio inauliza, inanyamaza kidogo, watoto wanajibu kwa sauti moja, redio inaendelea. Ikizimwa, mwalimu anashika pale ilipoachia. Watoto walijifunza, hasa kusikiliza na kuelewa. Redio moja, mawe machache ya betri, darasa zima linasikia. Mradi ulipomalizika haukuenea shule zote za nchi. Mimi nikisoma habari hizo chuoni hujiuliza ni vitu vingapi vizuri tumevianza, tukaviacha, tukasubiri vingine vipya vyenye kioo.

Redio ilirudi mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, masomo ya KICD yalipitishwa kwa redio na televisheni. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na wengine wote Januari 2021. Wenye televisheni nyumbani walitazama. Wenye redio walisikiliza, kama baba hakutaka taarifa ya habari. Mwenye simu moja ya nyumba nzima, na simu hiyo mama kaenda nayo sokoni Kongowea, huyo alikaa hivi hivi. Na ajabu ni kwamba zile nyaya kubwa za intaneti zinazopita chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, halafu EASSy mwaka 2010, zote zilitia nanga hapa hapa Mombasa. Intaneti ya nchi nzima imepita mlangoni petu, nasi tunanunua bando la shilingi ishirini.

Haya, sasa lile somo nililowaahidi.

Nilipewa sayansi, gredi ya 5, watoto 62. Nikataka kuwafundisha kwa nini maji ya bahari yanajaa na kupwa. Mnajua watoto wa huku wanavyoijua bahari. Lakini walichokijua walikiona si cha shule. Nikamwomba mzazi mmoja, mvuvi wa Mtongwe, anisaidie. Kila siku saa moja asubuhi, kwa siku 14, asimame mahali pamoja, aipige picha nguzo ile ile ya zamani iliyo majini, anitumie. Simu yake ni ya kawaida tu, kioo kimepasuka.

Picha zikaja. Siku moja maji yamekaribia kufunika nguzo. Wiki moja baadaye, saa ile ile, nguzo iko kavu, kaa wanatembea chini yake. Nikawauliza watoto, mbona saa ni ile ile na maji si yale yale? Kimya. Halafu mtoto mmoja, ambaye mwalimu wake alikuwa ameniambia kwamba huyo hasemi kitu darasani, akasema, "Kwa sababu maji yanachelewa, ticha. Baba huondoka saa tofauti kila siku." Basi hapo somo likawa lao. Tukahesabu. Maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku. Mara saba ni dakika 350, karibu saa sita. Na kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni saa sita na robo hivi. Kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, palipokuwa na maji mengi ni pakavu. Walikuwa wanafanya hisabati bila kujua wanafanya hisabati. Tukaendelea mpaka mwezi, mwandamo na mpevu, na kwa nini bamvua huja wakati huo, tofauti ya maji ikapita hata mita tatu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Maneno hayo, bamvua na maji mafu, walinifundisha wao. Mimi nimezaliwa bara, sikuyajua.

Siku ya kwanza nilizionyesha picha kwa simu yangu, ikipita dawati kwa dawati. Ilipofika nyuma, kengele ililia. Ndipo nikaomba ile stoo ifunguliwe, na projekta ikapatikana humo, imefungwa katika karatasi yake. Ilikuwa nzima. Nilitundika shuka jeupe ukutani, dirisha tukaliziba kwa maboksi, na watoto wote 62 wakaiona ile nguzo kwa pamoja. Kifaa kilikuwa ndani ya shule muda wote.

Ndiyo sababu nasema tuanze na vichache vinavyotazamwa na wengi. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi na hisabati wa shule ya sekondari ya Keriko, alipata tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Shule yake iko katika kijiji kiitwacho Pwani, lakini msidanganyike, hiyo Pwani iko Nakuru! Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Yeye alikuwa akienda kwenye saiba, anachukua masomo anayoyataka, anarudi nayo darasani kuyatumia bila mtandao. Kompyuta moja. Kazi kubwa aliifanya kabla ya kuingia darasani.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Kabla ya kuchanga hata shilingi, chagueni watu watatu, mmoja awe ni fundi wa simu au wa stima, waende shuleni kwa heshima, wamwombe mwalimu mkuu awafungulie stoo. Wahesabu kilichoko. Ngapi zinawaka, projekta ikoje, nyaya ziko wapi. Zile ni mali ya serikali, kwa hiyo msianze kuzifungua na bisibisi. Pelekeni orodha kwa bodi ya shule, muulize ni nini kinaweza kutengenezwa na kwa idhini ya nani. Huenda mkaona mlichotaka kununua kipo tayari, kinachokosekana ni waya wa shilingi mia chache na mtu wa kushika funguo.

Kisha kama pesa zinabaki, nunueni projekta ndogo ikiwa haipo, spika moja yenye sauti ya kufika dawati la nyuma, ekstensheni ndefu, na flashi kadhaa. Kama stima hukatika mara kwa mara, sola na betri. Na katika kila shilingi kumi wekeni mbili kando, msiziguse, ziwe za matengenezo. Bila hizo mbili, nane zilizobaki mmezitupa baharini. Kitu kiandikwe katika daftari la mali ya shule, na kuwe na maandishi kati ya kikundi na bodi kwamba mwalimu akikitumia darasani na kikaharibika, hatakatwa mshahara. Hofu hiyo ndiyo inayofunga stoo kuliko kufuli.

Kuna watoto ambao kwao maneno haya yote ni tofauti. Hapa Likoni kuna shule ya watoto wasioona. Kwa mtoto asiyeona, simu inayosoma maandishi kwa sauti si pambo. Ni daftari lake na macho yake. Mashine ya kuandikia nukta nundu wanayoitumia wengi duniani ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ni ya chuma, nzito, na mpaka leo inafanya kazi. Mkiniuliza ni wapi mtoto anastahili kupewa kifaa chake mwenyewe, cha peke yake, nitawaambia ni hapo. Pia kwa mtoto asiyeona anayesoma katika shule ya kawaida, ambaye hukaa nyuma akisubiri rafiki amsomee ubao. Kama katika vikundi vyenu mna mzazi wa mtoto kama huyo, msikilizeni yeye kwanza kabla ya mimi.

Nalo la mwisho linanihusu mimi na walimu wenzangu. Teknolojia ya shule inayowagusa nyinyi kila wiki si tableti. Ni saiba. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2019, mtoto anarudi saa kumi na moja jioni anasema ametakiwa kuleta picha ya wanyama watano, ya rangi, kesho asubuhi. Mama anatafuta pesa, anapanga foleni, anachapisha. Na picha zenyewe hutazamwa dakika moja zikatupwa. Mtaala unataka mtoto ajue kutumia teknolojia, haujasema mama achapishe. Mtoto anaweza kuchora. Anaweza kukata gazeti la zamani. Mimi nikiwa mwalimu, kazi ya kuchapisha sitampa mtoto, na mkiniona nafanya hivyo njooni shuleni mniulize.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

MASWALI

Baba mmoja wa Kisauni: Mwanangu wa gredi ya 8 anaiuliza simu, simu inamjibu kila kitu, anaandika. Hiyo si kuharibu akili?

Jibu: Hiyo inaitwa akili unde, baba, na imeingia kwa kasi tangu mwisho wa 2022. Inajibu vizuri, na mara nyingine inadanganya kwa sauti ile ile ya kujiamini. Mwambie mtoto afunge simu, akueleze kwa mdomo alichoandika. Hata kama wewe hukusoma sana, utajua kama anaeleza au anababaika. Mimi darasani nitafanya vivyo hivyo. Kazi ya nyumbani nitampa alama pale atakapoisema, si pale atakapoileta.

Mama mmoja wa Changamwe: Binti yangu, sisi tulikuwa tumeshaahidi tableti. Watoto wanajua. Tutawaambia nini?

Jibu: Mama, ni kweli ni vigumu. Lakini nawaza kwamba mkileta projekta, wakaitazama siku hiyo hiyo darasa zima, hawatauliza. Mkileta tableti kumi kwa watoto mia tano, hapo ndipo mtakapoulizwa.

Kijana wa Likoni: Wewe TSC ikikupeleka mbali, Turkana kwa mfano, nani ataviendesha vitu hivyo?

Jibu: Swali zuri, na hata hiyo kazi yenyewe huenda nikaingoja miaka. Ndiyo maana asifundishwe mtu mmoja. Wafundishwe walimu wawili na mzazi mmoja, tena mzazi huyo asiwe mwenyekiti, maana mwenyekiti ana mikutano mingi. Masomo yawekwe katika flashi, na kuwe na daftari la kuonyesha nani alitumia lini. Lile somo la maji kujaa na kupwa niliacha picha zote 14 katika flashi, iko katika droo ya mwalimu wa gredi ya 5. Anayeitaka aje aniambie baada ya mkutano, nimwelekeze ni shule gani.